Usukani Ulipoanza Kucheza
Mpelekee fundi gari linalotetemeka, atakuuliza: linaanza spidi ngapi? Swali hilo lina historia. Mwaka 1923 Firestone ya Marekani ilileta tairi nene za upepo mdogo. Safari ikawa laini kweli, ila magurudumu ya mbele yakaanza kucheza kulia na kushoto, dereva akibaki kung'ang'ania usukani. Yalishikwa na ekseli moja ngumu: moja likiruka, ekseli inainama, yote mawili yanageuka. Kubalansi peke yake hakukutosha. Mwaka 1934 General Motors iliyapatia baadhi ya magari yake springi huru, kila gurudumu la mbele na yake. Vile vipande vya risasi kwenye rimu bado tunavipigilia; Ulaya walivikataza 2005, kwa sumu yake.