Vijiji Vilivyopewa Herufi D

Mtu akishuka garimoshi mjini Durham, kaskazini mwa Uingereza, kinachomkabili kwanza ni kanisa kuu, limekaa juu ya kilima ambacho mto Wear umekizunguka pande tatu, nusura kiwe kisiwa. Watawa walifika hapo mwaka 995 wakiwa wamebeba mwili wa Mtakatifu Cuthbert. Jengo la sasa lilianza kujengwa mwaka 1093. Kwa karne nyingi askofu wa Durham alikuwa nusu mfalme, mwenye mahakama zake na sarafu zake, na madaraka hayo ya kidunia yaliondolewa mwaka 1836 tu. Watalii hupiga picha, hununua kadi, wakaenda zao.

Kaunti yenyewe, hata hivyo, ilijengwa na makaa ya mawe.

Magharibi kuna milima ya Pennines, nchi ya kondoo na madini ya risasi. Mashariki ni Bahari ya Kaskazini. Kati ya hizo mbili, matabaka ya makaa yamelala mshazari: upande wa milima yako karibu na uso wa ardhi, na kadiri unavyokaribia pwani ndivyo yanavyozama chini ya mwamba wa chokaa. Basi watu walianzia magharibi, penye kazi nyepesi. Wajuzi wengi walidhani chini ya ule mwamba hakuna makaa ya maana, hadi shimo la Hetton lilipoupenya mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mwaka 1825 ikaja reli ya Stockton na Darlington. Kufikia 1913 kaunti ilitoa zaidi ya tani milioni 40 kwa mwaka.

Kwingineko kijiji huota penye maji, penye rutuba au kwenye njia panda. Hapa kiliota penye shimo. Horden, karibu na bahari, palikuwa mashamba matupu hadi mgodi ulipoanza kuchimbwa mwaka 1900. Kampuni ikajenga nyumba za matofali safu kwa safu, na ilipofika zamu ya kuipa mitaa majina, ikahesabu tu: Mtaa wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, hadi wa Kumi na Tatu. Mwenye nyumba alikuwa ndiye mwajiri. Aliyepoteza kazi alipoteza na paa.

Kijiji kilichozaliwa na shimo hufanywaje shimo likikauka? Mwaka 1951 baraza la kaunti lilijibu kwa herufi. Kila kijiji kiliwekwa daraja, A hadi D, na vijiji 114 vikaangukia D. Maana yake ni kwamba fedha mpya hazitamwagwa tena huko: nyumba zinazochakaa zitanunuliwa na kubomolewa, na watu watahamia kwenye makazi makubwa zaidi, yakiwemo miji mipya kama Peterlee, uliopewa jina la Peter Lee, mchimbaji aliyepanda hadi kuongoza baraza hilohilo. Vingi vya vijiji hivyo vilikuwa magharibi, kulikoanza uchimbaji, kwa hiyo ndiko makaa yalikotangulia kwisha. Mwaka huohuo wa mpango, tarehe 29 Mei, mlipuko katika mgodi wa Easington uliua watu 83. Mashariki makaa yalikuwa bado yanadai watu.

Wapangaji wa baraza hawakuwa wakatili. Nyingi ya nyumba zile zilikuwa na unyevu na choo cha nje. Ila hawakupima uzito wa jirani, kanisa na baa. Witton Park, kijiji kilichokua kando ya kiwanda cha chuma cha 1846, nacho kilipewa D. Hapo ndipo walipozaliwa George na Roland Bradford, ndugu pekee waliotunukiwa wote wawili nishani ya ushujaa ya Msalaba wa Victoria katika Vita Kuu ya Kwanza. Safu za nyumba ziliangushwa moja baada ya nyingine, huku waliobaki wakigoma kuondoka na kuwabana madiwani mikutanoni.

Mwaka 1977 sera ya D iliachwa. Vijiji vichache vilikuwa vimefutika kabisa. Witton Park bado ipo, ikiwa na nyumba mpya palipobomolewa zile za zamani.