Kasoli ni Mwanza Sehemu Gani?

Wale mliosoma nami mtakumbuka kwamba nilipofika kidato cha kwanza na kuulizwa natoka wapi, nilijibu bila kusita: Mwanza. Haikuwa kweli. Kwetu ni Kasoli, upande wa Bariadi, na siku hizo tulihesabiwa Mkoa wa Shinyanga. Lakini nilikuwa nimekwisha kumsikia mwenzangu mmoja akisema anatoka Lagangabilili, darasa zima likaangua kicheko. Mwanza kila mtu aliijua. Nikajificha humo kwa miaka yote ya shule.

Tulikuwa hodari wa jiografia, ati! Tuliweza kusema Manchester iko wapi na kwa nini viwanda vya nguo vilikuwa huko. Pamba iliyokuwa ikilimwa na baba zetu hakuna aliyetuuliza inatoka kijiji gani. Mwaka jana nilipoitembelea shule niliwauliza vijana wa kidato cha tatu swali lile lile. Manchester wanaijua wote, sasa kwa sababu ya mpira. Bariadi ilinyoshewa mikono miwili.

Mji haujulikani kwa ukubwa wake tu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Ilipita Shinyanga na Malampaka, ikaiacha nchi yetu ya Ntuzu mbali upande wa mashariki. Jina la stesheni huandikwa kwenye ramani, kwenye tiketi na kwenye magunia. Jina la kijiji kisicho na stesheni hubaki midomoni mwa wenyeji. Boma la wilaya nalo mkoloni aliliweka Nyalikungu, Maswa, nasi tukatawaliwa kutoka huko. Hata ushirika, ambao ulikuwa fahari yetu wenyewe, ulikuza jina la Mwanza. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, aliloliongoza Paul Bomani tangu mwaka 1955, makao yake yalikuwa Mwanza. Mnyantuzu alipalilia, akachuma, akapima. Pamba ilipofika mbali ikaitwa ya Mwanza. Nami nilifanya kama pamba.

Ajabu ni kwamba mto wetu ulitangulia kusomwa Ulaya. Mwezi Machi 1875 Stanley alianza safari ya kuizunguka Nyanza kwa mashua akitokea Kageye. Mto Simiyu aliuandika katika habari zake, akiudhania kuwa ndicho chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Wasomaji wa London waliukuta kitabuni mwaka 1878. Mimi niliyekunywa maji ya huko sikuthubutu kuutaja bwenini.

Sasa niwaeleze jambo ambalo sijawahi kulieleza. Mwaka 1983 mzee wangu alifariki. Wenzangu watatu tuliosoma pamoja walipata habari, wakachanga rambirambi, wakapanda treni kwenda Mwanza. Wangekwenda wapi tena? Siku mbili walizunguka Kirumba na Mabatini wakiuliza msiba wa mzee wangu, na hapakuwa na aliyemfahamu. Fedha zilipowaishia wakarudi. Huku Kasoli nilikuwa nimekaa nyumbani nikiwanung'unikia moyoni kwamba hata mmoja hakuja. Baada ya mwezi nilikutana na mmoja wao, akanikabidhi bahasha na kuniuliza kwa upole: "Ndugu yangu, kwenu ni Mwanza sehemu gani?" Nilimjibu kwamba tulikuwa tumehama. Nilimwongopea mara ya pili.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulizaliwa, ukichukua wilaya zilizokuwa za Shinyanga pamoja na Busega iliyotoka Magu, na makao makuu yakawa Bariadi. Maonyesho ya kitaifa ya Nanenane yalifanyika Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Katika sensa ya mwaka 2022 Simiyu ilihesabiwa watu 2,140,497, na Kilimanjaro 1,861,934. Hata hivyo, mtaje mtu wa Moshi uone, kisha mtaje mtu wa Bariadi. Bado utaulizwa, "Hiyo iko wapi?" Vijana wetu nao, nasikia, wakifika vyuoni hujibu kwamba wanatoka Mwanza. Siwezi kuwalaumu, nawajua walikojifunzia.

Wale watatu waliokwenda Mwanza, mmoja ametangulia mbele ya haki bila kuusikia ukweli huu. Wawili wapo, nao hulipokea gazeti hili. Ndugu zangu, kwetu hakukuhamishwa. Mkishuka Bariadi ulizeni gari la Kasoli, na mkifika sokoni ulizeni kwa jina la mzee, lile lile mlilokuwa mkiliuliza Kirumba. Mtaelekezwa hadi kaburini. Nitakuwepo tangu mkutano wetu utakapokwisha hadi mvua za kwanza.