Shupaza, Kopa, Uru: Historia Iliyomo Kwenye Karata

Ukipita Lushoto jioni ukasikia kishindo mezani na kelele juu, ujue kuna mtu kaangusha turufu. Umewahi kujiuliza neno hilo limetoka wapi?

Tazama: karata ni carta, kopa ni copas, uru ni ouros, shupaza ni espadas, turufu ni trunfo. Kireno kitupu! Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu 1593, na Waomani wakaiteka 1698. Wao wakaondoka, maneno yakabaki, yakapanda hadi Usambara ambako hawakuwahi kutawala.

Sasa chukua wahedi wasitini. Jina ni la Kiarabu: 61. Pointi zote ni 120, kwa hiyo mwenye 61 kashapita nusu, kashinda. Na kwa nini saba, yenye pointi 10, inampiga mfalme mwenye 4? Ureno nako, kwenye mchezo wa sueca, ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo muulize babu yako anaziitaje karata, kisha uandike. Hii ni kumbukumbu ya karne tano, na haina jengo la kuitunza: inaishi midomoni tu.