Safu ya Lugha: Mlanguzi, Mchuuzi na Magendo

Vyombo vya habari vimezoea kumwita “mlanguzi” mtu yeyote anayepitisha mzigo kwenye bandari bubu au njia za panya. Hilo si sahihi, na linaumiza. Kulangua ni kununua bidhaa, mara nyingi kwa kuzihodhi, kisha kuziuza kwa bei ya kuruka. Ndiyo maana mwaka 1983, sukari na sabuni zilipoadimika madukani Tanzania, waliosakwa pamoja na wahujumu uchumi walikuwa walanguzi. Kosa lao lilikuwa bei na uficho. Mpaka hata hawakuhitaji kuuvuka. Wakenya wamelisogeza neno hadi kwenye dawa za kulevya, nasi tunawafuata bila kujiuliza.

Magendo ni jambo jingine: kupitisha mali kwa siri ili kukwepa ushuru au katazo, kama karafuu za Pemba zilizovushwa usiku kwenda Kenya.

Sasa mtazame mama wa Mkange mwenye viroba viwili vya mahindi, anayetafuta mashua ya Unguja katika pwani ya Saadani. Faida yake ni nauli na unga wa jioni. Huyo ni mchuuzi. Akikwepa ushuru, semeni amekwepa ushuru. Msimpe jina la mwenye maghala. Mwenzake wa mpakani, Namanga au Horohoro, ana hata cheti rahisi cha uasilia cha Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Wahariri, mrudishieni mchuuzi jina lake.