Nasaba ya Bakteria

Wanafunzi wangu wa mikrobiolojia huniuliza: tutajuaje kwamba bakteria tuliyemwotesha ni mgeni kwa sayansi? Huwaanzishia mbali, kwenye laikeni, yale madoa ya kijivu na manjano yanayong'ang'ania mawe na magome ya miti. Zamani kila laikeni ilihesabiwa kuwa mmea mmoja. Mwaka 1867 Mswisi Simon Schwendener alitangaza kwamba ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Mabingwa wengi wa siku zile walimpinga. Leo tunajua alisema kweli, na kwamba humo wamo pia bakteria chungu nzima.

Kuwatambua bakteria ndiko kulikosumbua, kwa kuwa chini ya hadubini wengi ni vijiti au viduara tu. Mwaka 1884, mjini Berlin, Mdenishi Hans Christian Gram alibuni njia ya kuwatia rangi ambayo hadi leo inawagawa makundi mawili. Wengine walichunguza wanakula sukari gani na wanastahimili joto kiasi gani. Majina yakarundikana, bakteria mmoja akabeba mawili au matatu. Ndipo tarehe 1 Januari 1980 ikaanza kutumika orodha moja iliyoidhinishwa, na jina lisilokuwemo likapoteza hadhi.

Kabla ya hapo, mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba nasaba inasomeka ndani ya seli, kwenye RNA ya ribosomu. Viumbe wote wanayo, nayo hubadilika polepole, hivyo tofauti zake hupima umbali wa udugu. Siku hizi, mfanano na jamaa wa karibu ukiwa chini ya asilimia 98.7, mtafiti ana sababu ya kudhani amepata spishi mpya. Kwa njia hiyo watafiti wa Korea Kusini walimtangaza Lichenicola cladoniae mwaka 2020, kutoka laikeni ya Antaktika. Ni wa familia ya bakteria wa siki, lakini yuko mbali nao kiasi cha kustahili jenasi yake.

Sharti ninalolisisitiza zaidi ni la mwisho. Tangu 2001, jina halikubaliki mpaka bakteria mwenyewe, akiwa hai, awekwe katika hazina mbili za nchi tofauti, ili mwenye shaka aombe sampuli na kupima upya. Mwanafunzi anayetamani kutoa jina namwambia ajifunze kwanza kumtunza bakteria wake, maana asiyeweza kumkabidhi kwa wengine hajathibitisha kitu.