Gari Kuukuu na Barabara ya Vumbi: Ufundi wa Magari kutoka Mombasa hadi Bunia

Motokari ziliingia Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, zikiifuata dhahabu. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903 na watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien. Ile ya Moto, upande wa kaskazini, ikafuata. Migodi ilihitaji mitambo, vyuma na chakula cha vibarua wengi, na njia ya kutoka Bahari ya Atlantiki ilikuwa ndefu mno, hivyo sehemu kubwa ya mizigo ikapitia mashariki. Kutoka Mombasa ilipanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901. Ikavuka Ziwa Victoria hadi Jinja, ikapanda treni nyingine fupi hadi Namasagali, ikapakiwa melini kupitia Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, ikachukuliwa kwa barabara mpaka Butiaba, ndipo ikavushwa Ziwa Albert hadi Kasenyi au Mahagi. Kutoka Kasenyi kulibaki mlima. Ziwa liko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bunia iko karibu mita 1,275. Tofauti hiyo yote hupandwa katika mwendo wa kilomita zipatazo 50. Injini huchemka wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka breki hushika moto.

Kipuri kilichopakuliwa na kupakiwa mara nyingi namna hiyo kilifika kwa kuchelewa, au hakikufika. Karakana za migodi zikalazimika kufua na kuchonga vyuma vyake zenyewe, na humo ndimo vijana wengi wa Ituri walimojifunza kuchomelea, kukereza na kufungua injini. Bunia ilipochukua nafasi ya Irumu kama makao ya utawala, ujuzi huo ukahamia kwenye gereji za mjini, jirani na maduka ya Wagiriki na Wahindi waliouza vipuri. Maduka hayo yalipata pigo kubwa baada ya tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe wananchi. Mnyororo wa kuagiza bidhaa ulikatika sehemu nyingi za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na fundi akabaki na kile ambacho Wakongo wanakiita kwa utani Kifungu cha 15 cha katiba: jitegemee. Sheria hiyo haimo katika katiba yoyote inayotumika, lakini ndiyo inayofuatwa kwa uaminifu kuliko zote.

Katika mazingira hayo gari la michezo, lile la chini chini lenye milango miwili na injini yenye pupa, halikuwa na kazi Bunia. Eneo hili lilikuwa na gari la michezo la namna yake, nalo lilitokana na mashindano ya magari yaliyopita ng'ambo ya Ziwa Albert. Mwaka 1953 Kenya, Uganda na Tanganyika ziliandaa Coronation Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Sharti la mwanzo lilikuwa kwamba gari liingie jinsi linavyouzwa dukani, na madaraja yakapangwa kwa bei. Mwaka 1954 walioshinda walikuwa Vic Preston na D.P. Marwaha ndani ya Volkswagen. Tangu 1960 mashindano yakaitwa East African Safari. Matope yake hayakuwa na huruma: mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho.

Mtu anayefaa kuitwa baba wa ufundi huu wa nyumbani ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544. Gari hilo linastahili kutazamwa vizuri. Umbo lake lilitokana na muundo wa miaka ya 1940, kiwanda kilikuwa karibu kuacha kuliunda, na lile la akina Singh lilikuwa limekwisha kutumika mashindanoni kabla hawajalipata. Kwa kipimo cha Ulaya lilikuwa gari lililopitwa na wakati. Walilifungua, wakaliimarisha, wakaanza mbio wakiwa na namba 1 mlangoni na kuyashinda magari ya timu za viwanda. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer.

Gari la michezo halisi lililopatana na vumbi la Afrika Mashariki lilikuwa Datsun 240Z, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969 ikiwa na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari ya mwaka 1971. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mehta alizaliwa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoondolewa na Idi Amin mwaka 1972. Ushindi wake kwa 240Z ulikuwa wa kwanza kati ya mitano, kwani alishinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Ukilinganisha 240Z ya dukani na ile ya Safari, unaona orodha ya mambo ambayo fundi wa Bunia angeyataja bila kufikiri. Springi ngumu na ndefu zaidi huinua tumbo la gari. Shokapu huwa nene ili mafuta yake yasichemke kwenye makorongo. Bamba la chuma hufungwa chini ya injini ili jiwe lisipasue sampo. Viungo vya bodi huchomelewa upya, kwa sababu kiwanda huvishika kwa vidoti vya moto ambavyo mtikisiko wa barabara huviachanisha kimoja kimoja. Mdomo wa kuvutia hewa hupandishwa juu, na chujio hukaguliwa kila siku, maana vumbi likiingia kwenye silinda husaga ringi kama msasa. Magari mengi ya Safari yaliwekewa pia vishikio na sehemu ya kukanyaga nyuma, ili msaidizi wa dereva asimame juu yake na kuruka-ruka pale magurudumu yanapokosa mshiko kwenye tope. Abiria wa malori ya Ituri wanaijua kazi hiyo, ingawa wao hawapewi kombe.

Hapa ndipo ufundi wa eneo hili unapotengana na ule wa wapenzi wa magari ya zamani wa Ulaya na Marekani. Kule, kurudisha gari katika hali yake maana yake ni kuligeuza lifanane na siku lilipotoka kiwandani, hadi kwenye rangi ya uzi wa viti. Jambo hilo linawezekana kwa sababu lami ipo na vipuri huletwa mlangoni kwa posta. Kati ya Mombasa na Bunia, kutengeneza na kubadilisha zimekuwa kazi moja tangu mwanzo. Gari linalofufuliwa uani hupata kwanza mwili: bodi huparuliwa hadi chuma kionekane, kutu hukatwa, kipande kipya hupigwa nyundo na kuchomelewa, kisha ndipo masitiki na rangi. Kosa la kawaida la mwenye haraka ni kufunika kutu kwa masitiki. Mvua ya msimu mmoja humuumbua. Injini hufuata, na kama ya asili imekufa, hutafutwa inayoweza kukaa. Mara nyingi ni ya Toyota, kwa sababu vipuri vya Toyota hupatikana kuanzia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kupitia soko la Kisekka huko Kampala, hadi mipakani.

Bunia ina tatizo la ziada ambalo Nairobi haina. Kongo huendesha upande wa kulia, lakini magari yaliyotumika ya Japani yanayoingia kupitia Mombasa na Uganda yana usukani wa kulia, unaofaa nchi zinazoendesha kushoto. Dereva akitaka kulipita lori hulazimika kulitokeza gari lote kabla hajaona kinachokuja mbele. Baadhi huzoea, wengine huhamisha usukani. Kuuhamisha kunahitaji kukata na kuunda upya dashibodi, kupeleka pedali upande wa pili, kutafuta boksi la usukani linalolingana, na kutoboa ukuta wa injini bila kuudhoofisha. Kiungo cha usukani kilichochomelewa vibaya hakitoi onyo kabla ya kukatika, na kwenye mteremko wa Kasenyi hakuna nafasi ya kujisahihisha.

Kuanzia mwaka 2003 magari ya zama za Mehta na Joginder yalirudi barabarani katika East African Safari Classic. Datsun, Ford Escort na Porsche 911 za miaka ya nyuma hufunguliwa hadi skrubu ya mwisho, huimarishwa, huvunjika tena na kujengwa upya. Björn Waldegård alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911. Mwaka huohuo wa 2003 Bunia ilikuwa katikati ya vita vya Ituri, na kuanzia Juni hadi Septemba kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kililinda mji huo. Barabara zilifungwa, na gari lililoweza kukimbia lilikuwa hatari kwa mwenyewe kwa sababu kila mwenye bunduki alilitamani.

Leo kijana anayejifunza ufundi Bunia huanzia kwenye pikipiki ya teksi, yenye silinda moja na kabureta ndogo. Somo hilo linamwezesha kuielewa 240Z vizuri kuliko Toyota ya kisasa. 240Z ina kabureta mbili na plagi sita, na kila sehemu yake hurekebishwa kwa mkono, sikio na bisibisi. Gari la sasa huongozwa na kompyuta. Kihisi kimoja kikifa injini hugoma, na ugonjwa hauonekani mpaka mashine ya kupimia ichomekwe. Kwa fundi wa uani, ambaye umeme humjia na kumkimbia, gari lenye miaka 50 bado linatengenezeka, wakati lenye miaka 10 huenda likasubiri kifaa kidogo cha elektroniki kutoka Kampala.