Taarabu ilivyotoka kasri na kuingia mitaani Unguja

Mgeni akishuka boti Unguja huonyeshwa mawe kwanza: Ngome Kongwe, milango ya nakshi, na Beit al-Ajaib iliyojengwa 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Majengo hayo yanastahili sifa zote, na ndiyo yaliyoupa Mji Mkongwe nafasi katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Ila yanasimulia zaidi habari za wenye nyumba. Ukitaka habari za waliowapikia, waliowafulia na waliowabebea mizigo, sikiliza taarabu.

Masimulizi ya Unguja yanaianzia kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888. Alipendezwa na muziki wa Misri, akamtuma Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Ala hiyo hupakatwa. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada ili zishike vijiti vya kudonolea. Kasri ikaimbiwa kwa Kiarabu. Hata Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905 na ambacho kingali hai, kilianza kwa Kiarabu.

Aliyeugeuza mkondo ni mwanamke. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa, akawa anatembeza vyungu mitaani, na watu walimjua kwa sauti kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa na wanamuziki walioitambua sauti ile, akaimba Kiswahili. Waliomdharau kwa asili yake walimwalika majumbani mwao. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na zilipofika pwani watu walijazana migahawani kuzisikiliza. Hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake juu ya Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke akatoroka, uliilaumu mahakama iliyowageuzia kibao wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo taarabu ilipokuwa mali ya Waswahili, maana mnyonge alipata pa kusemea. Siti alifariki 1950.

Bandari hiyohiyo iliyoleta kanuni ilileta pia chakula. Jioni katika bustani ya Forodhani wageni wengi hukimbilia mishkaki ya samaki, nami nawasihi watafute urojo kwanza: mchuzi mzito wa manjano, mchachu kwa embe mbichi au ukwaju, unaomwagwa juu ya viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Bajia na kachori ni za Wahindi, muhogo asili yake Amerika Kusini, nazi huvunwa hapahapa. Omba pilipili ikae pembeni, ujionjee mwenyewe.

Kisha utafute onyesho ambalo wenyeji wenyewe wamelilipia kiingilio. Taarabu ya hotelini huchezwa watu wakila, na hapo hukosekana kutuza: mama anainuka na noti mkononi, anakwenda taratibu kwa mwendo wa ngoma hadi kwa mwimbaji, na ukumbi mzima unajua ubeti ule kampelekea nani. Culture Musical Club, iliyoanza 1958, ni kikundi cha kuulizia. Ulizia pia Tausi, kikundi cha wanawake watupu kilichoanzishwa na Mariam Hamdani. Humo wanawake hawaimbi tu. Udi, fidla na kanuni, ala zilizoshikwa na wanaume tangu enzi ya Barghash, wanazipiga wao.